Mikono ya Okiror

Okiror alirudi nyumbani kwake Kwapa mwaka uliofuata uhuru wa Uganda, akisukuma baiskeli iliyofungwa vizimba vya waya nyuma na mbele. Kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mjini Tororo. Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia Okiror masufuria, koti la mvua na sungura wa memsahibu, mke wa Mzungu huyo. Masufuria na koti Okiror aliviuza hukohuko mjini. Sungura alikuja nao.

Mkewe, Amulen, alitoka jikoni kumpokea, akanyoosha mkono kushika kizimba cha mbele.

"Usiwaguse," Okiror alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Tangu waoane walikuwa wakionana mwisho wa mwezi tu, na mimba mbili za Amulen zilikuwa zimeharibika yeye akiwa peke yake. Sasa mume alikuwa amerudi kukaa, na Amulen alianza kumjua. Hakuwa mlevi wa kupindukia wala mtu wa kupiga kila siku. Ukatili wake ulikuwa wa kimya. Chumvi ikizidi, alimwaga chakula chini bila neno, akalala na njaa, na kesho yake akamwaga tena hata kama chumvi ilikuwa sawa, mpaka Amulen apige magoti kuomba msamaha. Amulen akiwa na homa, Okiror alimruka pale chini kwenye mkeka kama anayeruka gogo. Jina lake hakulitamka hata mara moja. Alimwita "wewe".

"Hakufundishwa," Amulen alimwambia jirani yake Athieno, mama mtu mzima kutoka Paya aliyeolewa pale kijijini. "Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo. Kisha kazi ya kutumwa na Wazungu. Atajulia wapi mambo ya kumtunza mtu?"

Athieno aliendelea kuchambua mboga yake.

Nyumba yao ilikuwa ya nyasi, na upande wa kitanda ilivuja. Okiror alipata mabati mazuri, akajenga kibanda cha sungura karibu na nyumba, mkabala na mlango, akakiinua juu ya miguu ya mbao ili siafu wasipande. Usiku wa mvua Amulen alihamisha mkeka kutoka kona hii hadi kona ile, akisikia maji yakigonga mabati ya sungura.

Ugonjwa uliingia katikati ya masika, na Amulen ndiye aliyeuona kwanza. Sungura jike mkubwa mweupe, ambaye Okiror alimwita Malkia, alikuwa akitikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni, kisha akijikuna kwa mguu wa nyuma mpaka damu. Ndani ya masikio yake kulikuwa na magamba ya kahawia, mazito kama ukoko wa ugali. Aliacha kula. Mwingine wa kijivu alikuwa amepinda shingo, akizunguka mahali pamoja.

Amulen alimwita mumewe. Okiror aliinama, akatazama masikio ya mmoja baada ya mwingine, kisha akanyanyuka akaenda moja kwa moja kwenye tundu la kuku.

Kuku walikuwa mali ya Amulen. Mbegu yao aliipata kwa mama yake siku ya kuolewa, na kijiji kizima kilijua kwamba hakuna aliyemshinda kulea vifaranga. Okiror aliwatoa mmoja mmoja, akawanyonga, akawatupa chooni. Hata mtamia aliyekuwa amelalia mayai alimtoa.

"Ni kuku wako wameleta wadudu," alisema.

"Basi tungewala. Tungempa hata Athieno."

"Chemsha maji. Nataka kuosha vizimba."

Amulen alichemsha maji. Alikuwa na mimba ya miezi mitano wakati huo, na aliogopa kulia, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba kulia sana hulegeza tumbo.

Jioni hiyo aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Okiror alinawa mikono kwa sabuni. Alipasha mafuta ya simsim kwenye kijiko, akadondosha tone moja juu ya kifundo cha mkono wake kupima joto, akasubiri, akapima tena. Alimzungushia Malkia shati lake la kwendea kanisani, kichwa tu kikabaki nje, akampakata. Akatia mafuta sikioni tone kwa tone, huku kidole gumba kikikanda chini ya sikio, taratibu, mpaka yale magamba yakaanza kulainika. Na alikuwa akizungumza.

"Polepole, mama. Naona inauma. Naona. Kidogo tu, tunamaliza."

Amulen alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Sauti ile hakuijua. Ilikuwa laini, ya chini, ya mtu mwenye subira isiyo na mwisho. Na badala ya kuumia, alifurahi. Aliweka mkono juu ya tumbo. Kumbe anayo, alijiambia. Mtoto akizaliwa, sauti hiyo itakuwa yake.

Mafuta peke yake hayakutosha. Okiror alijua kwamba yanatakiwa kuchanganywa na unga wa salfa, na maduka ya Tororo hayakuwa nao. Aliyekuwa nao ni Patroba, mtu wa Kenya aliyevuka kila asubuhi pale mpakani Busia na sanduku la dawa za ng'ombe juu ya baiskeli.

"Utakwenda wewe," Okiror alimwambia mkewe. "Mimi siwezi kuwaacha."

"Na tumbo hili?"

"Tumbo halitembei. Inayotembea ni miguu."

Amulen alitembea mpaka Tororo, akapanda basi la Busia. Alimkuta Patroba sokoni, mwanamume mnene mwenye maneno mengi. Patroba alimtazama mara moja, akampisha kwenye kiti chake, akamwagizia uji.

"Dada, hapa hapa Busia, upande wa Kenya, ndugu yako Omoding anakaa. Mimi namjua, sisi ni majirani kule ng'ambo. Lala kwake. Angalia hilo wingu."

"Sungura wanaumwa," Amulen alisema.

Patroba alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, akaacha.

Mvua ilimkuta akiwa njiani kurudi. Basi lilizama kwenye matope kabla ya kufika Tororo, abiria wakashuka kusukuma, na mwishowe kila mtu akashika njia yake kwa miguu. Amulen alifika Kwapa giza limeingia, nguo zimemganda mwilini. Kikopo cha salfa alikuwa amekificha kifuani, ndani ya nguo, ili kisilowe. Okiror alikifungua, akachovya kidole, akasugua unga kati ya vidole viwili.

"Vizuri. Haujaingia maji," alisema, akaondoka nacho.

Maumivu yalianza alfajiri. Kulipopambazuka Amulen alikuwa amejikunja kwenye mkeka, na kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona mumewe nje, amekaa kwenye kigoda mbele ya kibanda, Malkia amepakatwa.

Alimwita.

"Subiri," Okiror alijibu bila kugeuka.

Alimwita tena. Alimwambia kuna damu.

"Dawa iko ndani ya sikio sasa hivi. Nikimwachia atatikisa kichwa, yote itamwagika."

Amulen hakuita mara ya tatu. Alilala pale akitazama. Aliona mkono mmoja wa Okiror umeshika sikio, mwepesi kama unashika ua, na mwingine ukipapasa mgongo kufuata manyoya, toka shingoni mpaka mkiani, bila kuchoka. Aliona midomo yake ikienda. Kila maumivu yalipombana, aliikazia macho ile mikono, na kabla jua halijapanda juu ya migomba alikuwa ameelewa kitu ambacho hakikumtoka tena.

Athieno ndiye aliyefika. Alikuja kuomba moto, akaona hali, akatupa chini kigae chake cha kuchukulia makaa. Alifanya yote yaliyowezekana. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia. Athieno alimfunga kwenye kitambaa cheupe kilichokuwa kimetundikwa ukutani.

Okiror aliingiza kichwa mlangoni.

"Kitambaa cheupe kiko wapi? Nataka kupangusa masikio."

"Nimemfungia mwanao," Athieno alisema.

Okiror alisimama kidogo. Alikitazama kile kifurushi, akamtazama Athieno, kisha akatoka. Walimsikia akichana shati lake.

Athieno alimzika mtoto peke yake nyuma ya nyumba. Okiror hakuuliza ni wapi. Siku chache baadaye sungura wa kijivu mwenye shingo iliyopinda alikufa, na huyo, Okiror alimchimbia shimo lenye kina, akalitandika majani makavu.

Kupona kulikuja pamoja, kwa sungura na kwa mwanamke. Athieno alikuwa akija kila asubuhi na uji wa ulezi, akimtoa Amulen nje na kumlaza penye jua, na mahali pakavu palikuwa pamoja tu, chini ya ukingo wa mabati ya kibanda. Hivyo Amulen alishinda hapo. Aliona magamba ya masikio yakitoka mabonge mabonge, na chini yake ngozi mpya, ya waridi, laini kama ya mtoto. Aliona sungura wakirudia kula, kwanza jani moja la viazi, kisha mawili. Hakuwachukia. Alijaribu, akashindwa. Malkia alipenda kusogeza pua kwenye waya kunusa vidole vyake, na Amulen alimwacha anuse.

Siku moja Okiror alikuwa akibadilisha majani, na Amulen alimuuliza, "Ulijifunza wapi kushika hivyo?"

"Memsahibu alinifundisha. Sungura ana moyo mdogo. Ukimshtua, ukimshika vibaya, moyo unapasuka, anakufia mkononi."

"Na mtu?"

Okiror alifikiri, kwa kuwa lilikuwa swali la kweli na yeye alilichukua hivyo.

"Mtu hapasuki," alisema.

Athieno alipokuja na uji, Amulen alimshika mkono. "Nilikuwa nakuambia hajui. Anajua, mama. Miaka yote hii anajua."

Baada ya hapo Amulen alibadilika, na Okiror alidhani amekuwa mke mwema. Hakulalamika. Alikata majani ya sungura, akafagia kibanda, akauliza maswali. Okiror, ambaye hakuwahi kumwambia maneno kumi kwa siku, alimweleza kwa kirefu namna ya kumpeleka jike kwa dume, namna jike anavyojing'oa manyoya ya kifua kutandika kiota, namna ya kutokugusa watoto kwa mkono wenye harufu ngeni.

"Na akishazaa usimhamishe," alisema. "Hata hatua chache. Memsahibu alihamisha kizimba toka baraza moja hadi nyingine, basi. Jike akaingiwa na wazimu, akawakanyaga watoto wote, wengine akawala. Unasikia?"

"Nasikia."

Malkia alipokuwa mzito, Okiror alialikwa kwenye ajono, pombe ya ulezi, kijiji cha pili. Amulen alimtia sungura kwenye kikapu chenye kifuniko. Athieno alimkuta akifunga khanga.

"Ukimchukua huyo, atakufuata."

"Najua."

"Unataka akufuate?"

Amulen alikaza fundo la khanga. Kisha akasema, "Nataka nione atafuata nini."

Omoding, kaka yake, alikuwa mpakiaji wa magunia pale Busia, mtu mpole, hana makuu. Mkewe, Anjeline, alitoka Lumino, na alikuwa na mtoto mchanga wa kike. Jioni ileile Amulen alipofika, kabla hata hajaulizwa habari za safari, Anjeline alimwekea mtoto mikononi. "Nishikie, wifi, nigeuze samaki," alisema, akaenda kwenye moto. Amulen alimshika mtoto, akakaa naye mpaka chakula kilipoiva, na Anjeline hakuharakisha kumchukua. Tangu siku hiyo mtoto alikuwa wa Amulen kila asubuhi. Anjeline alikwenda kisimani na sokoni mikono mitupu, akirudi anamkuta mtoto ameogeshwa, amelala. Wakati mwingine Anjeline alimkuta Amulen mwenyewe amesinzia ukutani na mtoto kifuani, akapita kwa kunyata.

Malkia alizaa kwenye sanduku la sabuni nyuma ya nyumba. Watoto walikuwa wekundu, bila manyoya, macho yamefumba, wamefunikwa na manyoya meupe ya mama yao. Siku ya pili Okiror akaja.

Omoding alifanya mambo kwa heshima. Alimwita Patroba awe shahidi, na mzee mmoja wa kanisa. Walikaa nje ya nyumba, Okiror akapewa kiti. Amulen alikaa chini kwenye mkeka karibu na Anjeline. Alikuwa ameoga na kuvaa gauni lake zuri. Mwenyewe asingeweza kusema kwa nini.

"Shemeji, karibu," Omoding alisema. "Umetoka mbali. Tuambie kilichokuleta."

"Nimefuata sungura wangu," Okiror alisema.

Walingoja. Mzee wa kanisa aliitikia kwa kichwa, kama anayemsaidia mtu kuendelea. Patroba alitazama chini.

"Sungura tumemsikia," Omoding alisema taratibu. "Na kingine?"

Okiror alitazama huku na huku, akijaribu kwa dhati kukumbuka. "Kikapu," alisema. "Kikapu pia ni changu."

Amulen alisimama, akatikisa gauni.

"Yuko nyuma," alisema. "Njoo umchukue."

Wote walifuata. Okiror alipiga magoti mbele ya lile sanduku, akainua majani kwa ncha ya kidole, na uso wake ukalainika vilevile kama ulivyolainika siku ile ya mafuta ya simsim. Kisha akaelewa. Alirudisha majani mahali pake, akanyanyuka.

"Amezaa," alisema. "Basi abaki. Nitarudi wakishatoka kiotani."

"Hapana. Mchukue leo."

"Siwezi kumhamisha. Nilikuambia."

"Umesema mbele ya wazee umefuata sungura wako. Mchukue."

"Dada," Omoding alisema, "siku chache si kitu. Nyumba haijai."

"Kama anabaki, mimi ninaondoka. Nitalala sokoni. Chagueni."

Okiror alimtazama mkewe, na pengine ilikuwa mara ya kwanza kumtazama bila kuangalia kitu kilicho nyuma yake.

"Amulen," alisema. "Tafadhali, Amulen."

Amulen alikuwa amelingoja jina hilo miaka yote ya ndoa. Alikuwa amewahi kuwaza lingekuwaje kinywani mwake, lingetamkwa saa gani, nani angekuwa karibu. Sasa lilitoka kwa ile sauti laini ya chini, na halikuwa kwa ajili yake. Aliinama, akanyanyua sanduku yeye mwenyewe. Ndani, Malkia alishtuka, kucha zikakwaruza mbao. Amulen alilipeleka mpaka kwenye baiskeli ya Okiror, akaliweka nyuma, akalifunga kwa kamba, akavuta fundo kwa goti, akafunga la pili. Alifanya haraka lakini vizuri, na kila alipovuta, sanduku liligonga chuma.

"Basi, basi," Patroba alisema. Amulen hakumsikia.

Okiror hakupanda baiskeli. Aliisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine juu ya sanduku, akikwepa mashimo na mawe, akizungumza na kilichokuwa ndani. Walimwona akienda hivyo, amejipinda upande, mpaka alipochanganyika na watu wanaovuka kuelekea Uganda.

Patroba alileta habari kesho yake jioni. Alikuwa amekwenda upande wa Tororo kwa mteja, akamkuta Okiror amekaa kando ya barabara, sanduku wazi mbele yake. Alikuwa amekwisha kuwatoa watoto na kuwapanga juu ya majani, wale ambao miili yao ilikuwa imebaki ya kupangwa. Malkia alikuwa hai, manyoya ya mdomoni yana damu. Okiror alimwomba Patroba jembe. Patroba hakuwa nalo.

"Alikuwa analia," Patroba alisema. "Mimi sijaona mwanamume mzima akilia namna hiyo."

Omoding alisukuma sahani yake mbele. "Ulijua watakufa?"

"Nilijua," Amulen alisema. "Yeye ndiye aliyenifundisha."

Alikuwa ametarajia kwamba habari hiyo ikija atasikia raha. Alijichunguza, akakuta viganja vinamuuma tu mahali kamba ilipokuwa imepita. Alimaliza chakula chake. Anjeline, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto ng'ambo ya moto, alikuwa ameacha kula tangu Patroba alipoanza kusimulia. Alikuwa akimtazama wifi yake.

Asubuhi Anjeline alikusanya ndoo ya maji, karai la nguo na kikapu cha soko, mzigo wa watu wawili. Amulen alikuja akanyoosha mikono kama kawaida.

"Niachie mtoto."

"Leo nitakwenda naye," Anjeline alisema. Alimpandisha mtoto mgongoni, akamfunga, akajitwika karai, akainama kwa shida kuokota ndoo.

"Utaweza yote hayo?"

"Nitaweza, wifi."

Kesho yake pia alikwenda naye, na kesho kutwa.